Mwamba Yuko, Mwamba Uko

Simu ya bibi harusi iliita wakati shangazi yake amebana pini za nywele mdomoni, kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumkataza kuipokea.

Alikuwa bwana harusi. Alipiga kutoka ng'ambo, kisiwani kwao, akiwa ndani ya boti ya kukodi iliyopambwa riboni mpaka kwenye usukani, yeye na wazazi wake, ndugu zake, marafiki zake na spika mbili za muziki zilizofungwa kamba kama mateka. Alisema boti haiondoki. Injini nzima, mafuta tele, maji yametulia kama yamepigwa pasi. Tatizo ni ramani. Nahodha amefungua ramani kwenye kishikwambi chake na kuona mlango wa ghuba, ule upenyo kati ya visiwa viwili vidogo ambao kila chombo hupitia, umejaa alama nyekundu za miamba. Amezima injini, amekunja mikono, anatazama mbali.

"Miamba mingi kiasi gani?" bibi harusi aliuliza.

"Mtoto mwenye surua ana nafuu."

Bibi harusi mwingine angelia, na wanja ungelia naye. Huyu alikunja uso kama fundi aliyeambiwa kwamba saa aliyoitengeneza jana imesimama. Maana ramani ile ilikuwa yake. Alifanya kazi katika ofisi ndogo inayotengeneza ramani za bahari za kwenye simu na vishikwambi, zile zinazotumiwa na watu wa vyombo vidogo: wenye boti za starehe, wapiga kasia, wazamiaji, wakodishaji. Yeye alikuwa mhakiki. Hakuna kina cha maji, boya wala fungu la mchanga lililoingia kwenye ramani bila kupita mbele ya macho yake, na kwa kuwa alishinda kutwa akizungumza habari za kina hiki na vina vile, ofisini walimwita Bi Vina. Wageni walidhani ni malenga. Hakuwasahihisha, aliona sifa hiyo inamkaa vizuri.

Na siku hiyo haikuwa na akiba. Msajili wa ndoa alikuwa ameshafika ukumbini, ana ndoa nyingine mjini alasiri hiyo hiyo, kisha anaanza likizo ndefu. Bwana harusi naye Jumatatu alikuwa anaingia melini, kazi ya ufundi wa mitambo, na meli hiyo haimrudishi mpaka mwaka ugeuke. Wasipooana leo, basi ni mwakani, na mwakani ni mbali mno kwa watu wanaopendana kwa fujo namna ile.

"Mtu yeyote asishuke," alisema. "Naenda ofisini."

Shangazi alitema pini. "Uende wapi, na nywele upande mmoja?"

"Upande mmoja unatosha kwa kazi."

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya karakana ya injini za boti, mbele kidogo ya ukumbi. Basi barabara ya gatini ikaona sinema ya bure: bibi harusi anakimbia, gauni limekusanywa mkononi kama shuka la kufua, miguuni kandambili, nyuma yake shangazi mtu mzima, mwili wa kutosha, mkia wa gauni begani, kitana mkononi, anachana nywele za mtu anayekimbia. Mafundi wa karakana walizima mashine zao. Mmoja akauliza kama huyo anamkimbia bwana harusi au anamkimbilia. Shangazi akamjibu bila kupunguza mwendo kwamba anaikimbilia kompyuta, na mafundi wakatazamana, wakawasha mashine zao tena.

Juu walimkuta fundi wa programu. Alikuwa ameshavaa suti ya harusini, tai imefika nusu ya safari, macho yamegandia kwenye skrini. Kijana huyu alikuwa rafiki yake wa kazini na mtani wake wa kila siku, na alipomwona akasimama kama mwanafunzi aliyekutwa amekalia kiti cha mwalimu.

Alijieleza haraka. Tangu Bi Vina achukue likizo ya harusi, taarifa za watu wa boti zilikuwa zinarundikana. Ofisi ile ilikuwa na utaratibu mzuri: mwenye boti akiona hatari baharini, anaandika ujumbe mfupi hapo hapo alipo, ujumbe unafika ofisini, Bi Vina anausoma, anapima ukweli wake, ndipo alama inaingia kwenye ramani. Sasa Bi Vina hayupo. Fundi akaona aisaidie ofisi, akaifundisha kompyuta kusoma badala yake. Aliipa maneno ya hatari: mwamba, fungu, gogo, wavu. Ikikutana na neno mojawapo, inaweka alama nyekundu pale mwandishi aliposimama, bila kuuliza mtu.

"Na imefanya kazi vizuri sana," alisema, kwa fahari ambayo hata hofu haikuweza kuizima. "Ila wiki hii bahari imeingiliwa na kitu. Miamba inaota kama uyoga."

Bi Vina alivuta kiti, akakaa, gauni likafurika pande zote mpaka likaimeza mashine ya kuchapisha. Akafungua ujumbe wa kwanza. Shangazi, ambaye alikuwa amesimama nyuma yake na kitana, akausoma kwa sauti.

"Mwamba yuko hapa, anakula maisha."

Wa pili ulisema Mwamba anaoa, nani atabaki. Wa tatu ulisema Mwamba huyu jamani mwacheni. Wa nne ulikuwa na picha za mioyo na neno Mwamba limeandikwa kwa herufi kubwa kama jina la duka.

Shangazi akaangua kicheko kikubwa hata mafundi wa chini wakazima mashine kwa mara ya pili.

Maana bwana harusi jina lake la mtaani lilikuwa Mwamba. Alilipata kwenye mashindano ya makasia ya kuvuka ghuba, mwaka ambao kasia lake lilipasuka katikati ya maji na yeye akaendelea na kipande kilichobaki, akafika wa mwisho kabisa, majaji wameshakunja meza, na watu wakamshangilia kuliko mshindi. Huyu ni mwamba, walisema, yaani mtu asiyetikisika. Jina likaganda. Na wiki hii, wiki ya harusi yake, alikuwa akizunguka ghuba na marafiki zake kuaga ujana, na kila boti iliyokutana naye ilitaka kuandika jambo. Wapi pa kuandikia? Palepale kwenye ramani, mbele ya macho yao, kwenye kile kisanduku cha taarifa. Kila pongezi ikazaa jiwe. Mtu mmoja alikuwa amezuiwa asiende kuoa na sifa zake mwenyewe.

"Hebu nisaidie kuelewa," shangazi alimwambia fundi, akijifuta machozi. "Wewe hujui mwamba yuko na mwamba uko ni vitu viwili? Mtu yuko. Jiwe liko, mwamba uko. Hata mjukuu wangu anayenyonya anajua."

Fundi alisema anajua yeye, kompyuta ndiyo haijui, lakini itajua sasa hivi. Macho yalimwaka. Alikaa, akakunja mikono ya suti, akaandika amri moja: ukiona mwamba na kitenzi chenye u, hilo ni jiwe, liache; ukiona yuko, ameoa, anacheka, huyo ni mtu, futa. Akabonyeza. Kwenye skrini alama nyekundu zikaanza kudondoka, moja, kundi, kundi jingine, kama embe kwenye upepo, na wote watatu wakapiga makofi.

Makofi yakaishia hewani. Alama nyingi zilibaki. Bi Vina alifungua zilizobaki akasoma: Mwamba umetisha. Mwamba uko juu. Mwamba umependeza leo, hiyo shati umenunua wapi.

"Si nilijua," alisema, akashika kichwa mpaka pini moja ikaruka. "Hawa wanazungumza naye. Mwamba, wewe umetisha. Mwamba, wewe uko juu. Ni u ya mtu."

Fundi alitazama skrini kama mtu aliyesalitiwa na ndugu. Lugha gani hii, aliuliza, herufi moja inavaliwa na jiwe na mtu anayepongezwa. Shangazi akamwambia ni lugha ya mama yake, aiheshimu.

Hapo ndipo simu ya mama wa bibi harusi ilipoingia. Mama alikuwa ukumbini, kazi yake kumzuia msajili. Alisema ameshampiga picha na kila ndugu, mmoja mmoja, kisha kwa makundi ya watu wafupi na makundi ya watu warefu, na msajili ameanza kutazama mlango. Kwa nini asifute alama zote kwa mara moja, mambo yakaisha? Si yeye ndiye mwenye ramani?

Kitufe cha kufuta zote kilikuwepo. Bi Vina alikuwa anakitazama wakati mama akizungumza, na kitufe kilikuwa kinamtazama yeye, cha buluu, cha adabu, kinangoja kuguswa tu.

Lakini alikuwa anaujua mlango ule wa ghuba kuliko alivyoujua uso wake wenye vipodozi. Skrini ilionyesha maji ya rangi safi, na ukikuza picha yanazidi kuwa safi, kila kitu kimenyooka, kila kitu kinang'aa, mpaka unadhani mtu alipiga mbizi jana akahesabu kokoto. Si kweli. Vina vya pale vilipimwa enzi za babu yake, kwa kamba yenye uzito wa risasi nchani, mstari wa vipimo huku, mstari kule, na katikati ya mistari hapakuguswa na mtu. Rangi ni ya leo, kipimo ni cha juzi. Alikuwa amewaambia wakubwa wa ofisi jambo hilo mpaka wakaanza kujificha wakimwona anakuja. Katika lile rundo la pongezi huenda kulikuwa na mtu mmoja aliyeona mwamba wa kweli. Na chombo kitakachoukuta kwanza ni kile chenye riboni.

"Mama, siwezi," alisema. "Mpige msajili picha za viatu."

Wakaanza kusoma kwa macho, ujumbe mmoja baada ya mwingine. Shangazi alisoma kwa sauti, Bi Vina alitoa hukumu, fundi alifuta. Mtu. Mtu. Mtu. Mtu, tena mlevi. Hii si mwamba, ni mamba, ameandika vibaya, na hapa hakuna mamba, futa. Mtu. Shangazi alinogewa akaanza kusoma kwa mikogo kama anatangaza mpira, na ikafika mahali wote watatu wanacheka bila sababu, wanacheka kwa kuwa wamechelewa na kwa kuwa gauni lina wino wa mashine, na alama zinazidi kupungua, na maji ya kwenye skrini yanarudi kuwa maji.

Ikabaki moja. Ilikaa katikati ya upenyo, peke yake. Ujumbe wake ulikuwa na maneno matatu tu: Mwamba mkubwa hapa.

Bi Vina aliusoma mara ya pili kimoyomoyo. Hakuna kitenzi. Hakuna yuko wala uko. Na mkubwa ni mkubwa, awe mtu au jiwe. Neno lile lilikuwa linawatazama bila kupepesa. Mwandishi alijiita Msafiri, na simu yake ilikuwa imezimwa.

"Huyo ni mumeo," shangazi alisema. "Mkubwa kweli. Umemwona mabega?"

Bi Vina alimpigia mwenye mabega. Alimuuliza kama wiki hii alisimama pale katikati. Mwamba alifikiri, akasema huenda. Walipita hapo wakiimba, palikuwa na boti nyingi, mambo yalikuwa mengi. Alikuwa hakumbuki. Akaongeza kwamba mama yake ameanza kuvua viatu, ishara mbaya.

Bi Vina alimwambia ampe nahodha simu.

Nahodha alikuwa mtu wa maneno machache na sauti nzito. Alisema mwenye boti ameweka sharti: chombo hakivuki alama nyekundu, na kikivuka bima hailipi hata riboni. Kipima kina anacho, lakini kinamwambia kilicho chini yake, hakimwambii kilicho mbele yake, na mwamba ni wa mbele. Ramani ikiwa safi, anapita. Kisha akasema polepole, "Wewe ndiye mhakiki. Ukifuta, naondoka. Nakuuliza tu, umefuta kwa macho au kwa mapenzi?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali lililomfurahisha namna ile. Alijibu kwamba hajafuta bado, na kwamba anataka boti ije mpaka karibu na alama, taratibu kabisa, na mtu asimame mbele na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, apime kina mbele ya chombo na kumtajia yeye kwenye simu. Akipata kina cha kutosha pande zote za alama, ataifuta kwa haki. Nahodha alikohoa kidogo, na kukohoa kule kulikuwa ndiko kucheka kwake. Akauliza nani atashika upondo.

Nyuma yake ikasikika sauti ya Mwamba ikisema nani mwingine.

Basi wakapima. Bi Vina alilaza simu mezani kwa sauti ya juu. Walisikia injini ikinguruma chini chini, walisikia maji, walisikia mama mkwe akiomba Mungu, na juu ya yote sauti ya bwana harusi aliyevua koti, amelala kifudifudi kwenye omo, mbele kabisa ya boti, mti mkononi, akitaja kina kwa kupiga kelele. Mita nne. Mita nne. Nne na nusu. Nahodha anataja mahali, Bi Vina anaandika, na kila tarakimu inatua kwenye skrini kama taa inayowashwa. Fundi wa programu alikuwa ameshika mkono wa shangazi bila kujua. Mita nne. Mita nne.

"Nilisema ni mumeo," shangazi alinong'ona.

Mita nne. Mita tatu. Kisha sauti ikakatika, na kupitia simu ikaja tok, ndogo, kavu, mti umegonga kitu kigumu.

Injini ikazimika. Muziki, ambao mtu fulani alikuwa ameuacha ukipiga kwa chini, nao ukazimwa.

"Nusu mita," Mwamba alisema, na sauti yake ilikuwa imesinyaa. "Upo. Uko hapa hapa. Naona sasa, rangi ya majani, mkubwa kama jiko. Tungekaa juu yake kama kuku."

Bi Vina aliandika kipimo hicho. Alimwambia nahodha arudi nyuma kidogo, aelekee upande wa kisiwa chenye mchanga. Mwamba, sasa wa nyama, akapima tena. Mita tatu. Mita tatu na nusu. Nne. Nne. Njia ikajifungua, nyembamba lakini njia. Bi Vina akaisogeza alama nyekundu mpaka mahali pake halisi, akaandika kina chake, na pembeni akachora mstari wa kupitia, wa kijani, wenye vipimo vya dakika ile. Akabonyeza kuchapisha. Ng'ambo nahodha akasema ameuona, na injini ikawaka kwa kishindo.

Kelele zilizofuata zilivunja spika ya simu.

Walirudi ukumbini kama walivyotoka, mbio, ila sasa fundi naye alikuwa amebeba kipande cha gauni. Msajili alikuwa mlangoni, mkoba mkononi, mama mbele yake amepanua mikono, anamwomba picha moja ya mwisho na mtungi wa maua. Boti ilifika gatini hata haijafungwa kamba, Mwamba akaruka. Alikuwa amelowa kuanzia kifuani kushuka, shati lina ukoko wa chumvi, mikono imechubuka kwa ule mti. Alimtazama mkewe mtarajiwa: nywele upande mmoja, wino kiunoni, kandambili. Akasema hajawahi kuona kitu kizuri namna hiyo, na alikuwa hatanii.

Msajili alitaka mambo yaende haraka, akaruka hotuba, akafungua kitabu akiwa wima. Akamgeukia bwana harusi na kumuuliza kama anamkubali mwanamke huyu kuwa mke wake. Mwamba alikuwa ametaja kina muda mrefu, mbele ya upepo, koo limekwaruza, kichwa bado kiko majini. Alifungua mdomo, akavuta pumzi, akasema kwa sauti ya kufika ng'ambo:

"Mita nne na nusu."

Ukumbi ulipasuka. Nahodha, aliyekuwa amesimama nyuma na kofia mkononi, alikohoa mpaka akashikiliwa. Msajili aliinua kalamu juu ya kitabu, akasema yeye ni mtumishi wa serikali, hana mahali pa kuandika hilo, na akauliza kama ni ndiyo au siyo.

Bibi harusi alimshika Mwamba mkono, ule ulioloa.

"Andika," alimwambia msajili. "Kwa kina hicho napita na gauni."